Kopo la Taifa

Jamhuri ya Shwari ni nchi ndogo, lakini usiidharau, maana sijasikia nchi nyingine inayompenda mnunuzi kama hii. Mnunuzi wa Shwari ana wimbo wake, ana bendera yake, na ana siku yake ya mapumziko. Siku hiyo maduka yote hufungwa nchi nzima, ili walau mara moja kwa mwaka alale bila kuuziwa kitu kibovu.

Ofisi pia anayo. Inaitwa Mamlaka ya Kumlinda Mnunuzi, ghorofa tisa, vioo vitupu. Juu ya lango wameandika kwa herufi za dhahabu: MNUNUZI NI MFALME. Chini yake, kwa herufi ndogo kidogo: Wafalme wote wapite mlango wa nyuma.

Sisemi haya kwa kulalamika. Jengo ni zuri. Likipigwa na jua la asubuhi hung'aa mpaka ukafumba macho, na wengi wetu ndivyo tulivyozoea kupita pale, macho tumeyafumba.

Kila mwaka Mamlaka hutoa ripoti. Ukurasa wa kwanza picha ya Mkurugenzi Mkuu, ukurasa wa pili picha ya Mkurugenzi Mkuu akiitazama ripoti, ukurasa wa tatu: "Malalamiko yaliyopokelewa mwaka huu: hakuna." Miaka kumi na minne mfululizo, hakuna. Wageni kutoka nchi za mbali walikuwa wakija kujifunza tunafanyaje.

*

Sasa, katika nchi hii iliyotulia hivyo alikuwepo dada mmoja, fundi cherehani, jina lake Sikudhani. Alikuwa na mtoto mmoja wa kike, Zawena, miezi kumi, mwenye meno mawili ya chini na neno moja tu kinywani, nalo lilikuwa "toka". Hatujui alilitoa wapi. Alilitumia kwa kuku, kwa bibi yake, na kwa kijiko cha dawa.

Kila mwezi Sikudhani alimpeleka kliniki. Muuguzi wa pale, Sista Tusajigwe, ni mama mmoja mnene mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, na haogopi mtu. Siku hiyo aliishika kadi ya Zawena, akaisogeza karibu, akaisogeza mbali.

"Mama Zawena, huu mstari umelala."

"Umelala vipi, Sista?"

"Umelala. Wenzake wanapanda, yeye mwezi wa tatu huu yuko palepale. Anaharisha?"

"Hapana."

"Anakohoa?"

"Hapana, Sista."

"Anakula?"

"Anakula mpaka analamba bakuli. Akimaliza kulamba, analia."

"Unampa nini?"

"Uji wa lishe. Si uliniambia makopo mawili kwa mwezi? Ndiyo hayo hayo. Nimetoka kuyanunua sasa hivi, nikasema nipitilize huku." Akaonyesha mfuko uliokuwa miguuni pake, bado una fundo la muuzaji.

Sista Tusajigwe aliuchukua ule mfuko, akauvisha kile kikaptula cha turubai wanachovishwa watoto, akauning'iniza kwenye mizani. Akina mama waliokuwa kwenye benchi wakaangua kicheko. "Jamani, katoto keupe hako!" "Naye achomwe chanjo!"

Kopo moja la unga ni kilo mbili, hata mtoto wa chekechea wa Shwari anajua hilo. Makopo mawili, kilo nne. Mshale wa mizani ulitikisika, ukafikiri, ukasimama kwenye kilo mbili na robo tatu.

"Mtoto wako haumwi," alisema Sista Tusajigwe. "Mtoto wako anapunjwa." Akachukua kalamu, na pale penye nafasi ya jina la ugonjwa akaandika: Kopo.

*

Sikudhani alirudi sokoni na mtoto mgongoni. Akamkuta Chaurembo, muuza unga, kijana mtanashati mwenye kofia mpya, akipiga miluzi.

"Kaka, hebu niazime kopo lako."

"La nini tena, dada'angu? Si nimeshakupimia?"

"Niazime tu."

Akalipindua. Kitako cha kopo kilikuwa kimegongwa kwa nyundo kikaingia ndani, kirefu, kizuri, kimeviringana, kiasi kwamba ukilipindua lile kopo ungeweza kupakulia pilau kwenye kitako, mtu akala akashiba.

"Hili nini?"

"Kopo."

"Mbona tumbo limeingia ndani?"

"Dada, hata wewe tumbo likiingia ndani si bado unaitwa Mama Zawena? Kopo ni lilelile. Na mimi nakuwekea kilima juu. Wewe tazama kilima, usitazame chini. Kwani ukienda arusini unaanza kutazama uvungu wa meza?"

Wauzaji wa jirani wakacheka. Akaenda kwa jirani, akapindua. Akaenda kwa wa tatu. Fundi mabati wa soko zima ni mmoja, na ni mtu makini. Vitako vyote vilifanana kama sare za shule.

Mwisho kabisa, kule karibu na choo ambako wateja hawapendi kufika, alikuwepo Bi Mwantumu. Kopo lake lilikuwa limenyooka juu na chini.

"Shikamoo, bibi. Mbona lako hujaligonga?"

"Marahaba, mwanangu. Sikusoma mimi. Hawa wenzangu wana hesabu, wanajua wakikuibia wasimamie wapi. Mimi nikianza sitajua niishie wapi."

Tangu siku hiyo Sikudhani akanunua kwa Bi Mwantumu, na mwezi uliofuata mstari wa Zawena ukainua kichwa. Kidogo tu, kama mtu anayesikia anaitwa.

Angeishia hapo, mambo yangekuwa mazuri. Lakini Sikudhani ni mtu wa matumaini. Aliwafikiria wale akina mama wengine wa kwenye benchi. Halafu redioni kila siku saa saba mchana kulikuwa na sauti nene inasema: "Mnunuzi, usinyamaze! Mamlaka ipo kwa ajili yako!" Naye akaamini. Akavaa kitenge chake kizuri, akampaka mtoto mafuta, wakaenda kwenye ghorofa tisa, wakapita mlango wa nyuma.

*

Afisa Malalamiko, Bwana Matowo, alikuwa amekaa kwenye meza hiyo kwa miaka kumi na minne na hakuwahi kuona mlalamikaji. Alipomwona Sikudhani alidhani amepotea.

"Maji yanalipiwa jengo la pili, mama."

"Nimekuja kulalamika."

Bwana Matowo akasimama, akafunga kifungo cha koti, akakaa tena. "Karibu sana. Una risiti?"

"Ya unga wa kupima na kopo? Nani anatoa risiti sokoni, baba?"

"Bila risiti, kisheria hukununua. Ulipewa. Na mtu aliyepewa hapunjwi, mama, anasaidiwa. Unaweza kujaza fomu ya shukrani, ipo ya kijani."

"Sikupewa. Nilinunua, nikapunjwa."

"Sawa, tusibishane, nitaandika 'alipewa kwa malipo'. Kielelezo unacho?"

Sikudhani akauweka mezani ule mfuko wa Chaurembo, aliokuwa ameuhifadhi. Bwana Matowo akauchungulia kwa upole.

"Huu ni unga uliopewa."

"Ndiyo."

"Huu hauna tatizo. Mimi nahitaji ule ambao hukupewa. Ndio unaolalamikiwa."

"Baba, ningekuwa nao ningelalamika nini?"

"Hapo ndipo wananchi wengi wanapokwama," alisema Bwana Matowo kwa masikitiko ya kweli.

Zawena akamtazama afisa usoni, akasema: "Toka."

Bwana Matowo alicheka mpaka akapangusa machozi. Alikuwa na mjukuu wa umri huo. Akaangalia kulia, akaangalia kushoto, akachukua fomu, na kwenye nafasi ya kielelezo akaandika "kipo tumboni mwa mlalamikiwa". Kisha akagonga muhuri. Muhuri ulikuwa umekauka kwa kukaa bila kazi. Ikabidi autemee mate.

*

Habari kwamba Mamlaka imepata lalamiko zilipanda ghorofa kwa ghorofa. Watu walitoka ofisini kuja kulitazama. Ghorofa ya tisa, Mkurugenzi Mkuu, Dakta Anania Mbelwa, alilisoma mara mbili, akaagiza keki, kisha akatangaza Operesheni Kopo Safi.

Operesheni ilifanywa kwa ustaarabu. Wiki mbili kabla, gari lenye vipaza sauti lilizunguka soko zima likitangaza siku na saa ya ukaguzi wa kushtukiza, ili mtu asije akashtuka.

Siku ilipofika ikaja bendi, yakaja magari saba, na katikati, juu ya mto wa mahameli mwekundu, chini ya mwavuli, likaja Kopo la Taifa.

Lazima nieleze kidogo kuhusu hili Kopo. Sheria inasema makopo yote ya Shwari yalinganishwe na kopo moja rasmi. Mamlaka ilipoundwa, kamati ya zabuni ikakaa miezi tisa hotelini kujadili kopo liweje. Mwishowe mjumbe mmoja mwenye busara akasema, kwa nini tuhangaike, tutume mtu sokoni akanunue kopo linalotumika, kiwanda cha ng'ambo kiigize. Akatumwa dereva. Akanunua kopo kwa mtu wa kwanza aliyemkuta, ambaye alikuwa baba yake Chaurembo. Kiwanda cha ng'ambo ni cha watu waaminifu. Waliigiza kila kitu. Kopo likarudi linang'aa, limepakwa dhahabu, bati lake jembamba kama la kopo la sigara, na kitako kimeingia ndani vilevile, sentimita kwa sentimita. Katikati ya ule mwinuko wakapiga chapa ya nembo ya Jamhuri.

"Ndugu wananchi!" alisema Dakta Mbelwa kwenye kipaza sauti, akilinyanyua wote waone. "Wapo wanaouliza, kwa nini kitako hiki kimeinuka? Nawajibu: ni kitako cha nchi inayoinuka!" Bendi ikapiga.

Ukaguzi ukaanza. Unga ulijazwa kwenye Kopo la Taifa, ukamiminwa kwenye kopo la Chaurembo. Ukaenea sawasawa, mpaka ukingoni. Makofi. Kopo la pili, sawasawa. La tatu, la kumi, la thelathini. Wakaguzi wakaanza kutokwa machozi ya fahari kwa uaminifu wa soko lile.

Wakafika karibu na choo. Unga wa Kopo la Taifa ukamiminwa kwenye kopo la Bi Mwantumu, na ikabaki nafasi juu. Si ndogo. Mkono mzima uliingia.

Bendi ikakata muziki.

"Bibi," alisema Dakta Mbelwa polepole, "kopo lako ni kubwa kuliko la Taifa?"

"Sijui la Taifa, mwanangu. Hili ni la mafuta ya kula, marehemu mume wangu ndiye aliyelileta nyumbani."

"Kwa hiyo muda wote huu umekuwa ukiwapa watu zaidi?"

"Nimekuwa nikiwapa kopo."

Chaurembo hakuweza kuvumilia. "Mheshimiwa, ndiyo maana sisi biashara ngumu! Mama huyu anatuharibia soko kwa vitako vya ajabu!"

Kopo la Bi Mwantumu likatiwa kwenye mfuko wa plastiki. Kibanda chake kikazungushiwa utepe wa njano. Akapewa hati ya kuitwa mbele ya Baraza la Ushindani wa Haki kwa kosa la kuzidisha kipimo. Sikudhani alipata habari, akaja mbio, nyuzi za cherehani bado zimemganda kwenye nguo, akamkuta Bi Mwantumu amekaa juu ya ndoo, nje ya utepe. Akaanza kulia.

"Ni mimi, bibi. Mimi ndiye niliyewaita."

"Nyamaza, mwanangu. Wewe uliita wazima moto. Ungejuaje kama watakuja na mafuta ya taa?"

Mwezi huo Sikudhani akarudi kununua kwa Chaurembo, maana hapakuwa na mwingine mwenye kopo lililonyooka, na kopo la tatu lilikuwa juu ya uwezo wake. Zawena akalamba bakuli, akalia. Na Sista Tusajigwe alipochora kadi, alibonyeza kalamu kwa nguvu mpaka karatasi ikataka kutoboka. Mstari ulikuwa umelala tena, na safari hii ulielekea chini.

*

Baraza lilikaa siku ya Jumatano asubuhi, kwenye ukumbi wa ghorofa ya tano. Mwenyekiti wa Baraza ni Mkurugenzi Mkuu wa Mamlaka, ambaye pia ndiye mlalamikaji, mpango unaookoa muda sana. Kwenye meza ya vielelezo kulikuwa na Kopo la Taifa lenye kibandiko cha herufi A, na kopo la Bi Mwantumu lenye herufi B. Wafanyabiashara walijaa upande wa kulia, Chaurembo mbele, na kofia yake.

Hukumu ilikuwa imechapwa tangu jana yake. Dakta Mbelwa akavaa miwani, akasoma.

"Kifungu cha nne cha Sheria kinasema: Kopo la Taifa halikosei, halijawahi kukosea wala halitakosea, jinsi lilivyo ndivyo makopo yote yatakavyokuwa. Kwa huruma yake, Baraza halimfungi bibi huyu. Litaletwa nyundo, kopo lake litagongwa hapahapa liwe na adabu kama wenzake, kisha atarudi kibandani."

Bi Mwantumu akaangalia mikono yake. "Bora nisiuze," alisema taratibu.

Sikudhani akasimama. "Mheshimiwa, na mtoto?"

"Mtoto gani?"

"Huyu. Mimi nililalamika kwa ajili yake, si kwa ajili ya bibi. Anapungua. Njooni mmtazame basi, ndipo mgonge hilo kopo."

Karani akapekua faili. "Mtoto hayumo, Mheshimiwa. Baraza haliwezi kutazama kitu ambacho si kielelezo."

"Basi mwandikeni," akasema Bwana Matowo kutoka nyuma, kwa haraka kidogo kuliko cheo chake kinavyoruhusu.

Taratibu ni taratibu. Zawena akafungiwa kikaratasi mkononi chenye herufi C, na kwa kuwa vielelezo vyote hukaa mezani, akasimamishwa mezani, Sikudhani akimshika vidole viwili. Alikuwa ndiyo kwanza anajifunza kusimama, akipenda kila kitu kinachoweza kukanyagwa. Mbele yake palikuwa na kitu kinachong'aa. Akainua mguu mmoja, akautia ndani ya Kopo la Taifa. Ukumbi ukavuta pumzi. Akaleta na wa pili, akaubana humo humo.

"Mtoe! Mtoeni!" alipiga kelele karani.

"Toka," alijibu Zawena. Akaruka kidogo kwa furaha, kama watoto wanavyoruka, magoti tu.

PAP!

Kile kitako kilichosumbua kamati miezi tisa kilishuka chini, kikanyooka kama sahani. Uzito wa Zawena, uliokuwa haumtoshi Sista Tusajigwe, ulilitosha Kopo la Taifa.

Bwana Matowo akasogea, akamnyanyua mtoto kwa adabu, akamrudishia mama yake, akajaza unga kwenye kielelezo A, akaumimina kwenye kielelezo B. Ukaenea sawasawa mpaka ukingoni.

"Mheshimiwa!" Chaurembo aliruka. "Mtoto kalibonyeza! Kopo limeharibika!"

Dakta Mbelwa alikuwa kaduwaa. Lakini mtu hafiki ghorofa ya tisa kwa kuchelewa kufikiri. Alikitazama kifungu cha nne kilichokuwa bado mkononi mwake. Akachungulia dirishani, akayaona magari ya waandishi wa habari yakisubiri chini. Akajikohoza.

"Bwana Chaurembo. Unaliambia Baraza kwamba Kopo la Taifa limekosea?"

"Hapana, Mheshimiwa, mimi nasema tu..."

"Lilikosea jana, au linakosea leo?"

Chaurembo akavua kofia. "Halikosei, Mheshimiwa."

"Kaa chini. Ndugu wananchi! Kwa muda mrefu tumekuwa nchi inayoinuka. Leo, kwa uongozi wangu, tumekwisha kuinuka. Sasa tumesimama sawasawa! Hiki ni kitako cha nchi iliyofika!"

Ghorofa ya tano ikalipuka kwa makofi. Bi Mwantumu alikabidhiwa kopo lake, karani akamwomba radhi kwa niaba ya mfuko wa plastiki.

*

Jumamosi Dakta Mbelwa alikwenda mwenyewe sokoni kuzindua Awamu ya Pili, na hotuba ya kurasa kumi na mbili. Hakuna aliyeisikia. Soko zima lilikuwa likigonga makopo kwa ndani, fundi mabati ana foleni mpaka barabarani, Chaurembo ameinama na nyundo yake mwenyewe, jasho linamtiririka, akigonga na kununa. Wengine, nasikia, wameshaanza kuchunguza namna ya kuupunguza ukingo wa juu. Lakini hiyo kazi itawachukua muda, na Mamlaka sasa ina lalamiko la pili. Lililetwa na akina mama wa benchi lote la kliniki, wamekuja pamoja, na Bwana Matowo amenunua wino.

Sikudhani alikuwa wa kwanza kibandani kwa Bi Mwantumu. Akapimiwa, wakacheka, akafunga fundo, akajitwisha. Kutoka sokoni hadi kwake kuna kilima kimoja. Siku hiyo, na makopo mawili kamili kichwani na mtoto mgongoni, ilimbidi apumzike mara mbili njiani.

Mwezi uliofuata, na makopo yaleyale mawili kichwani na Zawena mgongoni, alipumzika mara tatu, na si unga uliomchosha.